Turbo ya Pili ya Mwalimu

Jumatatu

Hilux ya Mwalimu imefika kabla ya saa sita mchana ikivutwa na lori la mchanga kutoka upande wa Masii. Kamba ilikatika hapa langoni mwa gereji, karibu na Kenya Israel mjini Machakos, gari likarudi kinyumenyume na kugonga pipa la oili chafu. Pipa likaanguka. Alasiri yote mwanagenzi wangu na mimi tumemwaga vumbi la mbao, tukalizoa, tukamwaga jingine. Mama wa mandazi amehamishia meza yake upande wa pili wa barabara.

Mwalimu amestaafu, na sasa hubeba maembe ya wakulima wa Masii na Mwala kuyapeleka Nairobi. Gari lina ile injini ya D-4D, 1KD, dizeli ya lita tatu. Ameeleza kwa utaratibu. Kwanza nguvu zilipungua mlimani. Kisha ukasikika mluzi. Kisha ukatoka moshi wa buluu mzito hadi bodaboda waliokuwa nyuma yake wakasimama kando. Alipozima ufunguo, injini haikuzima. Ilizidi kupanda. Alikanyaga breki kwa nguvu, akatia gia ya tano na kuachia klachi, ikakwama na kufa. Nimemwambia hapo aliokoa injini, kwa sababu wengi huruka nje wakaacha gari lijimalize.

Ndipo akasema neno lililoninyima raha. Turbo hii ni mpya. Iliwekwa kabla ya Krismasi, gereji nyingine, baada ya ile ya kwanza kufa vivyo hivyo.

Mwanagenzi alikuwa ameshaingia ndani ya gari apige stata asikie mlio. Nimemtoa, nikamrudishia Mwalimu ufunguo. Dizeli haina plagi ya cheche ambayo ukiikatia umeme mambo yanakwisha. Inawaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, na haichagui mafuta. Sili ya turbo ikipasuka, oili ya injini huingia kwenye njia ya hewa na kuwa chakula. Injini itajilisha oili yake yenyewe hadi iishe, au hadi konrodi itoboe bloku. Ukifika hapo, dawa ni kuinyima hewa, na hewa huzibwa kwa ubao au bamba la chuma, kamwe si kwa kiganja cha mkono. Nimemweleza kijana haya polepole. Anajiandaa kwa mtihani wa ufundi wa Daraja la Pili na nataka aufaulu akiwa na vidole vyake vyote.

Jumanne

Tumefungua bomba linalotoka kwenye turbo kwenda kwenye intakula, kile kipoza hewa. Oili ilitoka ikamwagikia kiatu changu cha kushoto, nyingi kiasi cha kujaza kopo la rangi. Intakula nayo, tulipoishusha na kuiinamisha, ilitoa zaidi. Basi oili iliyokuwa ikipungua kwenye sampu imepatikana.

Turbo imetoka baada ya mapambano na nati za upande wa eksozi, ambazo ziliungua zikashikana na boli zake. Moja imekatika. Soketi namba kumi iliangukia kati ya chasisi na gia boksi, na sumaku haikuifikia. Tumeitoa kwa waya wa hanga ya nguo.

Shafti ya turbo nimeishika kwa vidole viwili na kuisukuma huku na huku. Inacheza hadi mapanga yanakwaruza ukuta wa nyumba yake, na alama za kukwaruza zinaonekana kwa macho. Upande wa eksozi shafti imegeuka rangi, buluu na zambarau, pale penye beringi. Rangi hiyo ni ushahidi. Chuma hakigeuki hivyo kwa uzee. Hugeuka kwa joto la kusuguana pakavu.

Nimemwita Mwalimu aione. Nimemweleza kwamba shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na beringi zake haziigusi. Huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Upande mmoja kuna moshi wa eksozi ambao injini ikibeba mzigo hufika nyuzi 700 na kupita, na upande wa pili kuna hewa ya kawaida inayovutwa na kushindiliwa. Uhai wa kitu hicho uko kwenye oili inayokuja kwa kijibomba kimoja chembamba. Ikikatika kwa sekunde chache tu wakati wa kupanda mlima, madhara hayarudi nyuma. Aliisikiliza habari hiyo kimya akiipindua turbo mikononi, kisha akauliza mpya ni bei gani.

Swali hilo nalielewa, lakini si la kwanza. La kwanza ni kwa nini oili haikufika.

Jumatano

Mwalimu amekuja na pesa. Amesema maembe ya mwisho yako mtini, madalali wameanza kupunguza bei kila siku inayopita, na Nairobi kuna mtu mwenye turbo ya eksi-Japani tayari. Anataka niiagize leo, tuifunge kesho, aondoke.

Nimekataa kuiagiza. Sijafurahia kukataa. Mkulima anayengoja gari huku embe linaiva hana muda wa somo la ufundi, na ninajua kuna gereji zingechukua pesa hizo saa ileile. Lakini turbo ikifa kwa kukosa oili, ukaweka nyingine bila kujua kilichozuia oili, umeweka nyama mbele ya kisu kilekile. Hiyo ya kabla ya Krismasi ilikuwa ushahidi wa kwanza, na hakuna aliyeusoma. Nimemwomba siku moja ya kutafuta. Amekaa kwenye tairi kuukuu, akapiga simu kwa watu wa Masii, akarudi na kusema, "Haya fundi, tafuta."

Kuna namna ya kuwasha injini isiyo na turbo kwa dakika chache bila kuihatarisha. Tumeziba kijibomba cha oili kinacholisha turbo, tukaziba na njia ya oili kurudi, tukaosha bomba la hewa na kulipeleka moja kwa moja kwenye chujio la hewa, kisha mwanagenzi akasimama karibu na ubao mkononi. Tumeongeza oili hadi kipimo. Mahali pa swichi ya taa ya oili tumefunga geji ya presha.

Stima ilipotea tulipokuwa tukichaji betri. Tumeazima betri ya matatu iliyokuja kubadilishwa breki pedi, na dereva wake amesimama hapo muda wote akihesabu abiria anaowakosa.

Imewaka, kwa kelele kubwa ya eksozi iliyo wazi. Ikiwa baridi, geji ilipanda vizuri, na mwanagenzi akanitazama kana kwamba nimemcheleweshea Mwalimu safari bure. Ilipopata moto sindano ikaanza kushuka. Ikiwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, ilibaki kwenye 8 tu. Tulipoipandisha hadi mizunguko 3,000, ilifika 20, ikatetemeka, ikarudi nyuma. Kipimo cha mkono tunachotumia gerejini ni angalau 10 za psi kwa kila mizunguko 1,000, na injini nzima ya aina hii hupita hapo bila taabu. Hii kadiri ilivyozunguka ndivyo ilivyozidi kukosa oili. Pampu iliyochakaa haifanyi hivyo. Hivyo hufanya pampu inayovuta kupitia tundu lililozibwa.

Kuna kingine. Kwa karibu, chini ya kelele ya eksozi, nilisikia "chf, chf, chf" juu ya injini. Nilifungua kifuniko cha kujazia oili, pumzi ya moto ikanipiga usoni ikiwa na harufu ya dizeli iliyoungua. Niliizima. Nimemwambia Mwalimu kesho tunafungua juu na chini.

Alhamisi

Kava ya valvu imetoka. Wanaoijua 1KD wanajua tulichokikuta, lakini hata mimi niliyekwisha kuiona nimesimama kidogo. Kuzunguka injekta ya pili na ya tatu kumejaa lami nyeusi, ngumu, ya kuchongwa kwa bisibisi.

Chini ya kila injekta kuna washa ya kopa. Ni pete ndogo, na kazi yake ni kuzuia moto wa silinda usipande pembeni mwa injekta. Katika injini hii injekta zimesimama ndani ya kava, humo humo inamopita oili. Washa ikichoka, au ikifungwa kwenye kitako kichafu, moshi wa mlipuko hupenya na kuingia kwenye oili kila mara silinda inapowaka. Masizi huiva juu ya chuma cha moto, yakawa makaa, makaa yakamomonyoka na kuteremka na oili hadi chini. Tatizo hili limejulikana duniani kote kwa Hilux na Prado za injini ya 1KD, na pia kwa mdogo wake 2KD. Mwenye gari haoni kitu. Taa ya oili haiwaki mapema, kwa sababu swichi yake husubiri hadi presha iwe karibu haipo kabisa.

Kushusha sampu kumetumaliza. Mvua kubwa imeanza saa nane, ile mvua ndefu tuliyokuwa tukiiombea, na turubali letu likajaa maji katikati. Mwanagenzi alilisukuma kwa fimbo ya ufagio kutoka chini. Maji yote yaliteremkia upande wangu. Tumekausha vifaa, tumeendelea.

Chujio la kunyonyea oili lilikuwa limefungwa na makaa karibu eneo lote. Tundu lililobaki wazi lingepitisha kidole gumba. Kupitia hapo injini ya lita tatu ilikuwa ikijaribu kuvuta oili ya kulainisha krankishafti, kamshafti, na hatimaye turbo. Nimempigia Mwalimu simu aje alione kwa macho yake kabla sijaligusa, na amekuja na mwavuli. Amelishika, akalikwaruza kwa kucha, makaa yakabaki chini ya ukucha. Ameuliza kama hili lilikuwapo wakati wa turbo ya kwanza. Nimemwambia ndiyo, makaa ya namna hii hayajengeki kwa miezi mitatu. Hakusema kitu kwa muda. Kisha amesema ile turbo ya Krismasi aliilipia kwa karo ya mjukuu.

Nimeandika hili hapa kwa sababu limeniuma. Kazi yetu si kubadilisha kilichovunjika tu. Kufungua sampu ni jasho la siku moja, na siku hiyo ingemwokolea mzee huyu turbo nzima.

Jioni, mbuzi wa jirani amekutwa akinusa beseni la maji ya redieta tuliyoyamwaga ili kupata nafasi ya kufungulia mabomba. Hajayanywa. Maji hayo yana dawa ya kuzuia kutu na kuchemka, ni matamu mdomoni, na huharibu figo za mnyama hadi akafa. Beseni limefunikwa kwa bati na jiwe. Mwenye mbuzi amenilaumu kwa kuacha lango wazi. Lango lilifunguliwa na mbuzi.

Ijumaa

Kwa kuwa sampu iko chini, tumefungua na beringi za konrodi. Hii haimo katika ombi la Mwalimu, lakini oili iliyokosekana kwenye turbo ilikosekana na huku pia. Mbili ni nzuri. Mbili zimeliwa hadi kopa inaonekana chini ya tabaka la juu. Nimepitisha ukucha juu ya krankishafti pale zilipokaa, nayo ni laini, haina mfereji. Nimeipima kwa maikromita mara mbili kwa sababu mara ya kwanza jogoo wa mama wa mandazi aliruka juu ya meza. Bado ina saizi yake ya kiwandani. Gari lingefanya kazi wiki chache zaidi hivyo lilivyo, tungekuwa tunazungumza habari za kusaga krankishafti au kutafuta injini nyingine.

Kwa hiyo kifo cha turbo kimetusaidia kuiona injini mapema. Huyu mdogo mwenye kasi ndiye hufa kwanza, na kufa kwake ni taarifa.

Orodha imeenda Nairobi. Katriji mpya ya turbo, yaani moyo wake wenye shafti, beringi na mapanga, iliyosawazishwa kwenye mashine na yenye karatasi ya vipimo vyake. Beringi za konrodi. Washa za kopa na sili za injekta zote nne. Gasketi za turbo, kijibomba kipya cha kulisha oili pamoja na boli yake yenye tundu, chujio la oili, oili karibu lita saba na nyingine kama hizo za kusafishia. Mwalimu alitaka eksi-Japani kwa sababu ni rahisi zaidi. Tumelijadili. Turbo ya mtumba inaweza kuwa nzima, nimefunga kadhaa zikakaa miaka. Lakini anayeiuza hajui iliishi vipi, na wewe huwezi kuona ndani ya beringi kwa kuipuliza ikazunguka. Nyumba ya turbo yetu, ile ya pete ya mapanga yanayogeuza upepo wa eksozi, bado ni nzuri baada ya kusafishwa. Moyo mpya ndani ya nyumba ya zamani ni njia ya kati, na pesa zake anazimudu.

Muuzaji yuko Kirinyaga Road, ambako nusu ya watu bado wanaita Grogan, jina la yule Mwingereza Ewart Grogan aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Mafundi wa Ukambani hatutembei hivyo. Tunatuma M-Pesa na kungoja matatu. Leo mtandao ulikwama, na ujumbe wa kuthibitisha ukafika duka la Nairobi likiwa limeshafungwa.

Jumamosi

Kifurushi kimefika stendi saa tisa. Kimefungwa vizuri kwa gundi na jina langu juu yake. Ndani mna madaftari ya shule, ya kurasa 96.

Baada ya simu nyingi imebainika kwamba katriji, washa na beringi zimeshukia Tala, kwa mwenye duka la vitabu, ambaye naye alikuwa akishangaa. Ni mtu muungwana. Amempa bodaboda, na mimi nimempa bodaboda mwingine madaftari, wakakutana njiani na kubadilishana. Kila kitu kimefika jioni isipokuwa kijibomba cha oili, ambacho hakikuwa ndani ya kifurushi tangu mwanzo.

Wakati tukingoja, mzee mmoja anayekuja hapa kusoma gazeti amemweleza mwanagenzi kwamba turbo si jambo geni kwa Wakenya. Amemtajia Safari Rally: 1984 Björn Waldegård, 1985 Juha Kankkunen, 1986 Waldegård tena, wote kwa Toyota Celica ya turbo. Miaka yote ameitaja sawasawa. Kijana amefurahi, akauliza wazo lilitoka wapi, na hapo nimeongezea nijualo: Mswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi 1905, akitaka kutumia moshi unaotupwa kusukuma hewa ndani ya injini.

Sisi wa Machakos tuna sababu yetu ya kumshukuru. Mji uko kama mita 1,600 juu ya bahari. Skana ikisoma kanieneo ya hewa injini ikiwa imezimwa, hapa huonyesha takriban kilopaskali 84, pale Mombasa ni 101. Kila pumzi ya injini hapa ina hewa pungufu kwa karibu moja ya sita. Dizeli isiyo na turbo hupanda milima yetu ikiwa na njaa. Yenye turbo hujazia pengo hilo yenyewe, lakini kwa kufanya kazi zaidi kuliko ikiwa pwani, na hiyo ndiyo maana gari la huku halivumilii oili mbovu.

Jumapili

Gereji imefungwa. Mwalimu alinikuta nje ya kanisa akaniuliza kijibomba kimepatikana. Nimemwambia kesho.

Jumatatu

Kutwa ya kusafisha. Kazi hii mteja hailipii kwa furaha kwa sababu hakuna kipuri kipya cha kumwonyesha, na ndiyo kazi yenyewe. Intakula imeoshwa kwa mafuta ya taa, ikamwagwa, ikaoshwa tena hadi yanayotoka yakawa safi, kisha maji ya moto yenye sabuni. Oili ikibaki ndani, injini itaila siku ya kwanza na tutarudi kwenye ule mngurumo wa Masii. Kipande cha panga kikibaki, kitaingia kwenye silinda. Kompresa ilikuwa ndiyo ikaushe, lakini stima ilipotea tena saa nne hadi jioni. Tumeitundika juani. Mvua ilinyesha kidogo. Tumeiingiza ndani, tumeitoa tena.

Vitako vya injekta vimechukua muda mrefu kuliko yote. Makaa yote ya zamani lazima yaondoke, chuma king'ae, kabla ya washa mpya kukaa. Kijana alipendekeza washa za zamani zipashwe moto zilainike na kurudishwa, akasema aliona mahali. Hapana. Zimekwisha kubanwa na kuungua, na ni kitu cha bei ndogo kabisa katika orodha yetu nzima. Boli zimekazwa kwa toki, kwa kipimo cha kitabu, si kwa kukisia kwa mkono.

Chujio la kunyonyea tumeliosha, tukalitazama kwenye mwanga, bado makaa yamejificha kwenye mikunjo. Tumelitupa. Jipya limepatikana hapa hapa mjini.

Kijibomba cha oili kimefika saa kumi na mbili. Ni cha Hilux, lakini cha injini ya petroli.

Jumanne

Kijibomba sahihi kimefika. Nimekipuliza kuhakikisha kiko wazi, kwa sababu cha zamani nilipokichana kwa msumeno nilikuta ukuta wake wa ndani umeota ganda jeusi.

Gasketi ya bomba la kurudishia oili haikukubalika. Kwa nje imelingana, matundu ya boli yamelingana, ila tundu la katikati ni dogo kuliko mdomo wa bomba. Oili hurudi kutoka kwenye turbo kwa uzito wake tu, haisukumwi. Ukiiwekea mlango mwembamba itajikusanya, itapanda, na itatoroka kupitia sili, halafu turbo mpya italaumiwa kwa kuvuja. Kijana alitaka kupaka silikoni badala yake. Silikoni hapo haipiti: chembe yake ikikatika huenda kuziba tundu lilelile tunalolilinda. Nimekata gasketi kwa karatasi yake, taratibu, kwa mkasi wa fundi cherehani wa jirani. Ameurudisha akilalamika kwamba sasa haukati kitambaa. Nimeahidi kuupeleka ukanolewe.

Turbo imefungwa. Nimeijaza oili kwa mdomo wa juu huku nikizungusha shafti kwa kidole hadi ikawa na uzito. Tumechomoa plagi za injekta ili injini izunguke bila kuwaka, tukapiga stata kwa vipindi vifupi hadi oili ikaonekana ikitoka kwenye bomba la kurudi, ndipo tukalifunga. Hapo betri ikaisha. Dereva wa matatu alikuwa amekuja kwa breki za nyuma. Ameitoa betri yake kabla hatujaomba.

Imewaka. Nimeiacha sailensa bila kugusa mafuta. Moshi mweupe kidogo ulitoka kwa masizi na oili ya zamani ndani ya eksozi, ukaisha. Geji ikiwa ya moto: 26 sailensa, 58 kwenye 3,000, na sindano haikutetemeka. Juu ya injini hakuna "chf". Nimefungua kifuniko cha oili, hakuna pumzi. Mwanagenzi alicheka kwa sauti peke yake.

Oili hii ya kusafishia tumeimwaga baada ya nusu saa pamoja na chujio lake, tukaweka mpya. Iliyotoka ilikuwa na chembe nyeusi chini ya beseni. Makaa mengine yamebaki ndani na yatateremka kwa wakati wake.

Jumatano

Jaribio la barabarani. Rafiki yake Mwalimu alitaka tulipeleke Kituluni, pale Kyamwilu ambapo wageni huja kutazama gari likipanda kilima lenyewe. Nimemwambia tunahitaji mlima unaotoa jasho. Tumeteremka hadi Masii, tumepakia kreti za maembe hadi kifuniko cha nyuma kikafungwa kwa kamba, tumegeuza kupanda Machakos. Mwanagenzi alikuwa na skana mapajani. Kwenye mwinuko ule uliomwangusha Mwalimu, kanieneo ya hewa ilipanda juu ya kilopaskali 200, ikakaa hapo kwa gia ya tatu, hadi juu. Hakuna mluzi, hakuna moshi. Polisi wa barabarani walitusimamisha kwa ajili ya kamba ya kifuniko. Tumefunga upya kwa mafundo mawili.

Juu ya mlima nimesimama nikafungua bonneti. Kiungo kimoja cha bomba la intakula kilikuwa kimelowa kidogo, kibano kimelegea. Kimekazwa. Tumerudi.

Nimemwandikia Mwalimu kwenye kadibodi ya kifurushi cha katriji, kwa maandishi makubwa, ibandikwe ndani ya mlango wa dereva. Oili ya kwanza imwagwe baada ya kilomita 1,000, sampu ishushwe tena kidogo tulitazame chujio. Baada ya hapo oili kila kilomita 5,000 bila kungoja msimu wa maembe uishe. Washa za injekta zikaguliwe kila mwaka, na mara tu "chf, chf" itakaposikika asubuhi injini ikiwa baridi, aje siku hiyo hiyo. Baada ya mlima mkali na mzigo, aiache injini izunguke dakika moja au mbili kabla ya kuzima, shafti ipoe ikiwa na oili. Amesoma yote kwa sauti, amesahihisha herufi moja, akabandika.

Ameondoka Nairobi saa tisa kupitia Kyumvi. Amepiga simu saa moja jioni kutoka sokoni: nusu ya shehena imeuzwa, presha ya oili hajui kuisoma lakini taa haijawaka, na kreti moja ilianguka wakati wa kushusha. Kesho inaingia D-Max ya mteja aliyeambiwa turbo imekufa. Nimemwambia asiagize chochote hadi tuchunguze oili yake na mabomba ya hewa.